Ndama amezaliwa na miguu ya mbele iliyokunjika: je, anaweza kunyooka?

MfugajiKikombo

Habari zenu wafugaji wenzangu pamoja na wataalamu wetu. Ninafuga ng'ombe wachache wa maziwa hapa Kikombo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na ninaomba msaada kuhusu ndama jike aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo. Mama yake ni chotara aliyezaa kwa mara ya kwanza, alihimilishwa kwa mbegu ya Friesian, na uzazi ulikuwa mgumu. Ndama alikuja kwa mkao sahihi, miguu ya mbele na kichwa vikitangulia, lakini alikuwa mkubwa kiasi kwamba ilibidi tumsaidie mama kwa kuvuta taratibu kila aliposukuma.

Ndama mwenyewe ni mchangamfu, ananyonya kidole kwa nguvu na miguu yake ya nyuma haina kasoro. Shida iko kwenye miguu ya mbele. Tukimsimamisha, kwato hazikai chini. Zinakunjika kuelekea nyuma, naye anakanyagia upande wa mbele wa kifundo, pale juu kidogo ya kwato, kama mtu anayetembea kwa migongo ya viganja. Mguu wa kushoto umezidi wa kulia. Sakafu ya banda langu ni ya saruji, na tayari manyoya ya pale anapokanyagia yameanza kunyonyoka na ngozi imekuwa nyekundu.

Jirani yangu, mzee ninayemheshimu na aliyefuga tangu ujana wake, anasema ndama wa namna hii hawaponi na ni heri achinjwe mapema kuliko kumtesa. Mwingine ananishauri nimfunge vijiti kwa kamba hadi miguu inyooke. Ningependa kujua kama yawezekana mifupa ilivunjika wakati wa kuvuta, kama hali hii inatibika, na ikiwa ni ya kufunga, namna ya kufunga bila kumletea madhara mengine.

DaktariMifugo_Mpwapwa

Pole kwa usiku mgumu, ndugu yangu, na hongera kwa ndama. Kabla hatujafika kwenye miguu naomba tuanze na tumbo, kwa sababu ndama wengi wa aina hii hawauawi na miguu. Wanakufa kwa kukosa dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mama. Ndama asiyeweza kusimama vizuri hawezi kulifikia ziwa la mama yake, na watu wote bandani wanapokuwa wameinamia kwato, saa zinapita. Ndama huzaliwa akiwa hana kinga yoyote ya maana mwilini. Kinga yote huipata kwenye maziwa ya mwanzo, na utumbo wake huanza kufunga mlango wa kuipokea tangu saa chache baada ya kuzaliwa, hadi kufikia saa 24 karibu hakuna kinachopita tena. Kamua dang'a ya mama yake na umnyweshe kwa chupa yenye chuchu, akiwa amesimamishwa au amelala kifudifudi na kichwa kimeinuka kiasi tu, kama vile angenyonya kwa mama yake. Usimmiminie mdomoni akiwa amelala ubavu, maana maziwa yataingia kwenye mapafu. Kiasi kinachotakiwa ni kama asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa 12 za mwanzo. Akiwa na kilo 30, hiyo ni lita 3, na sehemu kubwa iwe imeingia ndani ya saa 6. Kama hajapata kiasi hicho, acha kusoma hapa, nenda ukakamue, kisha urudi.

Sasa miguu. Unavyoieleza, hii ni hali ya kano za nyuma ya mguu, zile zinazokunja kifundo na kwato, kuwa fupi au zimekaza kuliko urefu wa mifupa. Si mvunjiko. Mguu uliovunjika huvimba, huuma sana ukiguswa, na mara nyingi hucheza mahali pasipo na kiungo. Ndama mkubwa ndani ya mama mdogo hukosa nafasi ya kunyoosha miguu katika miezi ya mwisho ya mimba, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa mara nyingi, ingawa si pekee. Miguu ya mbele ndiyo huathirika zaidi, na kwa kawaida yote miwili.

Swali lako kubwa, kama atapona, utalijibu wewe mwenyewe kwa mikono yako. Mlaze ndama ubavu mahali pakavu na mtu amshike kichwa. Shika mguu juu ya kifundo kwa mkono mmoja, weka kiganja cha mkono wa pili chini ya kwato, kisha usukume kwato kwa upole kuelekea mbele, polepole, bila kushtua. Ukiona mguu unanyooka hadi kufikia mkao wake wa kawaida, au karibu na hapo, hata kama ni lazima utumie nguvu kiasi, matumaini ni makubwa sana. Ukigonga mwisho mgumu, yaani kiungo kimekataa kabisa kana kwamba kimeganda, hiyo ni habari nyingine. Papasa pia goti la mbele uone kama nalo linanyooka, pitisha mkono juu ya uti wa mgongo uone kama umepinda, na ingiza kidole safi kinywani upapase kaakaa. Kaakaa lenye ufa, ambalo dalili yake nyingine ni maziwa kutokea puani anaponyonya, huambatana wakati mwingine na viungo vilivyoganda, na ndama wa namna hiyo kwa kweli hana njia. Nadhani mzee jirani yako amewahi kuwaona hao, na kwa hao hakukosea. Lakini ndama anayenyonya kidole kwa nguvu, mwenye miguu ya nyuma mizima, hastahili kisu kabla hata hajapimwa.

Vijiti na kamba, hapana. Kamba itakata ngozi na kuzuia damu. Banzi, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia mguu ukiwa umenyooka, linafaa, lakini linahitaji matandiko mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwa leo, mtoe kwenye saruji tupu na ufunge vifundo vyote viwili kwa pamba na bendeji ili ngozi isichubuke zaidi. Hapo pekundu pakitoboka, vijidudu vitaingia ndani ya kiungo, na kiungo kikishaoza hakuna banzi litakalosaidia. Paka kitovu iodini kwa sababu hiyo hiyo. Kisha tupe majibu ya kipimo.

MamaMvumi

Shikamoo daktari, na pole sana ndugu wa Kikombo. Ninaandika kwa sababu nilipata ndama dume wa hali hii, naye leo ni maksai anayelima. Daktari amekwishaeleza mambo ya kitaalamu. Mimi nitaeleza banzi lenyewe jinsi afisa mifugo wetu alivyonionyesha, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Tulitumia kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, lile pana, tukalipasua kwa msumeno kwa urefu wake ili kila upande uwe mfereji ambao mguu unalala ndani yake. Kilipimwa kuanzia chini kidogo ya goti hadi usawa wa kwato zinapogusa ardhi, kwa sababu goti la ndama wangu lilikuwa zima. Kama goti nalo limekunja, banzi hupanda juu zaidi ya hapo. Kingo za plastiki iliyokatwa ni kali mno. Tulizikwangua kwa msasa, kisha tukazipitisha juu ya makaa hadi zikalainika, tukazikunjia nje kwa kutumia kitambaa kinene. Pitisha kidole chako kwenye ukingo wote. Kama wewe mwenyewe unahisi ukali, ngozi ya ndama itachanika kabla ya jioni.

Mguu ulifungwa kwanza pamba, safu juu ya safu, ukianzia kwenye kwato kupanda juu, na pamba ilitokeza kidogo juu na chini ya mwisho wa bomba ili plastiki isiguse ngozi mahali popote. Nyuma ya kifundo, pale penye vile vikwato viwili vidogo, tuliongeza kipande cha blanketi kuukuu kilichokunjwa. Banzi lilikaa upande wa nyuma wa mguu. Mtu mmoja aliushika mguu ukiwa umenyooshwa kadiri ulivyokubali, mwingine akazungusha bendeji pana kwa mkazo ulio sawa kutoka chini hadi juu. Hatukulazimisha unyooke wote siku ya kwanza. Kila tulipofungua na kufunga upya, mguu ulikubali kidogo zaidi ya jana yake, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Tulifungua kila siku. Naomba hili lisichukuliwe kuwa ni la hiari. Ndama hasemi kwamba bendeji imembana. Utaona amekataa kusimama, au anajilamba na kujitafuna hapo, au sehemu iliyo juu ya bendeji imevimba, au utasikia harufu. Ukiona mojawapo ya hayo, fungua hapo hapo, hata kama ni usiku.

Kuhusu sakafu, tulimwaga moramu kwenye kona ya banda tukaishindilia. Saruji inateleza na inachubua, majani mengi mno nayo yanazamisha kwato. Ndama anahitaji ardhi ngumu isiyoteleza ili uzito wake mwenyewe uzivute kano.

RanchiKongwa

Nawasalimu wote. Nisingependa ndugu yetu aone kwamba kila ndama mwenye kasoro ya kifundo lazima afungwe. Huku Kongwa tunafuga Boran wanaozalia malishoni, na mara kwa mara huonekana ndama anayetembea kwa ncha za kwato, visigino vikiwa vimeinuka, wiki ya kwanza. Tunamwacha atembee na mama yake kwenye ardhi kavu, na katika siku chache hadi wiki mbili anakuwa ameshuka mwenyewe. Kumfunga ndama wa namna hiyo ni kumzuia mazoezi anayoyahitaji, na nimeona vidonda vya banzi vilivyokuwa vibaya kuliko ugonjwa wenyewe.

DaktariMifugo_Mpwapwa

Ndugu wa Kongwa yuko sahihi kwa ndama anaowaeleza. Anayekanyagia ncha ya kwato, lakini kwato zikiwa bado mbele na kifundo kikiwa hakigusi chini, aachwe atembee. Mpaka ni pale kifundo kinapopinduka na ndama kukanyagia upande wa mbele wake, kama huyu wa Kikombo, kwa sababu kila hatua anayopiga hivyo inachubua ngozi na wala haizinyooshi kano. Uzito wa mwili ndio dawa, lakini ni dawa pale tu unapopita kwenye kwato.

Mama wa Mvumi ameeleza banzi vizuri sana. Nitaongeza jambo moja tu: linapokuwa limefunguliwa, kabla ya kulirudisha, nyoosha mguu kwa mikono kwa dakika 10 hadi 15, ukisukuma na kushikilia, kisha ukiachia, na umwache asimame kidogo bila banzi huku ukimshikilia chini ya kifua. Misuli inayovuta kano ikishikiliwa katika hali ya kunyooshwa hulegea taratibu, na ndiyo maana banzi hufanya kazi hata pale ambapo siku ya kwanza mguu ulikuwa unagoma.

MfugajiKikombo

Ninawashukuru sana wote, Mungu awabariki. Ndama amekunywa dang'a ya kutosha, mama yake ana maziwa mengi, na kitovu kimepakwa iodini. Nimefanya kipimo kama daktari alivyoelekeza. Mguu wa kulia unanyooka kabisa. Wa kushoto unanyooka kwa sehemu kubwa lakini unabakiza kiasi, na ninaposukuma zaidi ninahisi kano nyuma ya mguu imesimama kama waya chini ya kidole, ingawa haijaganda. Inarudi polepole nikiachia. Magoti ni mazima, mgongo umenyooka, na kaakaa halina ufa.

Muuzaji wa duka la dawa za mifugo ameniambia kwamba ipo sindano inayolegeza kano, akaniuzia OTC (oksitetrasaiklini) na kunishauri nimchome dozi kubwa mara moja. Bado sijamchoma. Je, ni kweli?

DaktariMifugo_Mpwapwa

Umefanya vema kuuliza kwanza, na ninakuomba chupa hiyo uiweke kabatini. Jambo alilolisikia muuzaji lina asili yake. Oksitetrasaiklini, ambayo sote tunaijua kama dawa ya kuua bakteria, hutolewa kwa watoto wa farasi wenye kano fupi kwa dozi kubwa kuliko ya kawaida, ikipitishwa polepole kwenye mshipa wa damu, na kweli kano zao hulegea kwa siku kadhaa. Kwa ndama wapo madaktari walioitumia, ila matokeo yake hayatabiriki kama kwa farasi. Hatari yake haina utata: dozi hiyo inaweza kuharibu figo, hasa kwa mtoto mchanga ambaye hajanywa maziwa ya kutosha au ana upungufu wa maji mwilini. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona ndama, akampima na kukadiria uzito wake. Hali kadhalika dawa za maumivu. Zipo zinazomsaidia ndama avumilie kusimama ndani ya banzi, lakini nazo hubebesha figo na tumbo mzigo, hivyo zitolewe kwa ushauri na kwa kiasi.

Kwa majibu uliyoleta, nina matumaini makubwa na ndama huyu. Mguu wa kulia huenda ukahitaji banzi kwa siku chache tu. Wa kushoto utachukua muda, pengine wiki moja hadi mbili, na usikate tamaa ikiwa siku mbili za mwanzo huoni tofauti. Msimamishe mara nyingi kwa siku, kila mara kwa muda mfupi, hasa wakati wa kunyonya, maana ndama mwenye njaa husimama kwa moyo kuliko anayesukumwa. Mpime joto kila asubuhi. Ndama mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Likipanda zaidi ya hapo, na kiungo chochote kikawa cha moto na kimevimba, huo ni ugonjwa wa viungo unaotokana mara nyingi na kitovu, unahitaji tiba ya siku hiyo hiyo, na usije ukadhani ni banzi linalomuuma.

Ikiwa baada ya wiki mbili za kufunga kwa uangalifu mguu wa kushoto umebaki ulivyo, upo upasuaji mdogo wa kukata kano inayovuta, au mbili, nyuma ya mguu, na baada yake banzi hurudishwa hadi kano iunge ikiwa ndefu zaidi. Ndama wengi hutembea vizuri baada ya hapo. Ni upasuaji wa daktari wa mifugo, kwa ganzi na usafi, na wala si kwa wembe bandani. Nimelitaja ili ujue kwamba baada ya banzi bado ipo hatua kabla ya kufikiria kuchinja.

MhimilishajiBahi

Naomba niseme kuhusu mama, kwa sababu atapandishwa tena na swali hili litarudi. Mtamba chotara mwenye umbo dogo, anayezaa kwa mara ya kwanza, asipandishwe kwa mbegu ya dume anayejulikana kuzalisha ndama wakubwa. Katika orodha za mbegu madume hupangwa pia kwa wepesi wa uzazi, na mfugaji ana haki ya kumwuliza mhimilishaji wake. Kwa mitamba midogo mimi hupendekeza Jersey, ambaye ndama wake ni wadogo na maziwa yake ni mazuri, ama Friesian aliyethibitika kuzalisha ndama wepesi.

Vilevile wapo ndama ambao tatizo hili wamelirithi, wengine pamoja na ufa wa kaakaa. Ndama mmoja hathibitishi hilo, hasa akiwa mkubwa na uzazi ukiwa mgumu kama huu. Lakini namba ya dume iliyoandikwa kwenye mrija wa mbegu iandikwe kwenye daftari lako pamoja na maelezo ya ndama, na mimba ijayo tumia dume mwingine asiye na undugu naye. Ikitokea ndama wa pili kwa dume yule yule, mweleze mhimilishaji, kwa sababu kuna wafugaji wengine wanaotumia mirija hiyo hiyo.

MfugajiKikombo

Ahsante sana kaka. Nina swali la mwisho kuhusu chanzo. Wakati wa mimba alikula mabua ya mtama na uwele, mashudu ya alizeti, na nyasi za porini mvua ziliponyesha. Je, chakula kinaweza kuhusika? Na je, ni ugonjwa wa kuambukiza ng'ombe wangu wengine?

DaktariMifugo_Mpwapwa

Kano fupi zenyewe haziambukizi. Kuhusu chakula, mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, ambako ng'ombe wanaokula mimea ya jamii ya lupini kati ya siku ya 40 na ya 70 ya mimba huzaa ndama waliopinda miguu na mgongo. Katika ulivyovitaja wewe, sioni cha kukilaumu. Upungufu wa madini ya manganizi kwa mama nao huweza kuzaa ndama wenye viungo vibovu, na kwa kuwa ng'ombe wetu wa kanda ya kati huishi kwa mabua miezi mingi ya kiangazi, jiwe la madini bandani mwaka mzima ni gharama isiyofaa kukwepwa.

Vipo pia virusi, kama vya Akabane, vinavyoenezwa na wadudu wadogo wanaouma jamii ya visubi, ambavyo humshambulia ndama akiwa tumboni na kumfanya azaliwe na viungo vilivyoganda. Dalili yake huwa kwa kundi: mimba kadhaa zinatoka, ndama kadhaa wanazaliwa wamepinda katika msimu mmoja, tena viungo vingi kwa pamoja. Ndama wako hafanani na hilo. Ila mkiona hali ya namna hiyo pale kijijini, mtoe taarifa kwa afisa mifugo mapema ili sampuli zifike maabara ya veterinari hapa Dodoma. Na iwe ni mazoea kuvaa glavu wakati wa kumzalisha ng'ombe au kushika kondo la nyuma. Mkoa wetu uliumizwa vibaya na homa ya Bonde la Ufa mwaka 2007, na ugonjwa ule humwingia mtu kupitia damu na majimaji ya mnyama mgonjwa au wa mimba iliyotoka.

Kesho asubuhi ukifungua bendeji, angalia rangi na joto la ngozi kati ya kwato na nyuma ya kifundo, upime tena mguu wa kushoto kwa njia ile ile, kisha utuandikie ulichokiona. Kama una picha ya ndama akiwa amesimama kwa upande, iweke pia, ili tuone goti na kifundo kwa pamoja kabla hatujaamua kama banzi la kushoto liongezwe urefu.